Nani Alimwona Akitia Sumu?

Sehemu ya Tisa

Kemilembe hakushuka.

Ndiyo, msomaji wangu, najua wiki nzima umekaa roho juu. Mama mmoja wa kule kijiji cha Ndama amenitumia ujumbe kwamba binti huyu akishushwa kwenye lile kreti, gazeti hili hataligusa tena, hata kwa kufungia maandazi. Mama, kunywa maji. Hakushuka.

Wewe uliyechelewa, sogea nikupe kwa ufupi, maana leo mambo ni mengi. Tuko Kaisho, ndani ya banda la video la Xaveri. Ni Jumapili, saa tisa alasiri, watu wametoka kanisani na matumbo yamejaa ndizi. Muvi imekwisha sasa hivi. Inaitwa Shamba la Marehemu, imepigwa hapahapa kwetu, na aliyeitunga, aliyeilipia na aliyejipa usteringi, yaani uhusika mkuu, ni mtu mmoja tu, mzee Rugemalira, mnunuzi wa kahawa. Mwanamke anamwekea mumewe sumu ili abaki na shamba, kaka wa marehemu anagundua, kijiji kinamtimua mjane, watu wanapiga makofi. Basi.

Kila mtu bandani alijua mjane huyo ni nani. Ni Jenifa. Mumewe, Akankwasa, alikuwa mdogo wake Rugemalira, na alifariki mwaka jana ghafla, tumbo likimkata. Keshokutwa, Jumanne, wazee wa ukoo wanakaa kuamua kama Jenifa abaki kwenye kibanja, yaani nyumba na shamba la mumewe, au afungashe virago. Na muvi inatoka leo! Mzee Rugemalira hakuzaliwa jana.

Sasa pale kwa Xaveri kuna utaratibu wao. Muvi ya Jumapili ikiisha hakuna anayeondoka. Mwenye maoni anapanda kwenye kreti la soda, anasema lake, na hakuna ruhusa ya kumshusha mpaka amalize. Kemilembe alipanda. Akasema, "Picha nzuri, sauti nzuri, hadithi ya uongo." Mzee Rugemalira akasimama kutoka benchi la mbele na kutamka yale maneno tuliyoachia hapo.

"Shuka uniombe radhi mbele za watu. Ukikataa, Jumamosi hatuji kwenu."

Jumamosi! Ndiyo siku ya kupeleka mahari kwa kina Kemilembe. Kwa maana mchumba wake ni Jasson, na Jasson ni mtoto wa Rugemalira. Tena kwenye muvi hiyohiyo Jasson ndiye aliyecheza marehemu.

"Umenisikia, binti?" mzee akauliza.

"Shikamoo, baba," akasema Kemilembe. "Nimekusikia. Lakini sijamaliza."

Banda likalipuka. "Shuka!" "Mwacheni aseme!" "Shuka wewe, unamkosea mzee!" Mmoja akapiga mluzi. Watu themanini kwenye mabenchi ya mbao, bati juu, joto kama jikoni, kila mmoja ana lake.

Kemilembe aliogopa. Nisikudanganye, aliogopa sana. Alimtafuta Jasson kwa macho, akamwona ukutani karibu na mlango, kofia mkononi, anatazama sakafu. Moyo wake ukauma. Angalau angeinua uso!

"Kimya!" Xaveri akapiga mbao kwa kiganja. Xaveri ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa. "Banda ni langu na kreti ni langu. Aliye juu anasema. Kama hamtaki, nazima projekta na muvi ya Kikorea ya jioni mtaisikia kwa jirani."

Watu wakanyamaza. Kwa muvi ya Kikorea watu wa Kaisho wananyamaza hata msibani.

"Nina swali moja," akasema Kemilembe. "Nani alimwona yule mjane akitia sumu?"

"Sote!" wakajibu kwa pamoja.

"Kwenye sini ipi? Kipande kipi?"

Hapo sauti zikapungua. Akasimama Novatus, yule dereva wa bodaboda wa njia ya Murongo. Novatus huyo ametazama muvi kuliko padri alivyosoma misa. Za Kihindi, za Kichina, na zile zinazovuka kutoka Uganda zikiwa zimetafsiriwa Kiganda, zote zimo kichwani.

"Dada Kemilembe, mimi muvi hii nimeipa saba kwa kumi," akasema. "Tatu nimezikata kwa sababu haina hata pikipiki inayoruka. Lakini sumu ipo wazi. Marehemu amekunywa, ameanguka, steringi akasema huyu mwanamke amemuua ndugu yangu. Steringi hasemi uongo!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Rugemalira, steringi mwenyewe, akatikisa kichwa taratibu kama anayepokea zawadi.

"Alisema," Kemilembe akajibu. "Nimemsikia hata mimi. Nakuuliza macho yako, Novatus, siyo masikio yako. Uliona mkono wa yule mwanamke ukitia kitu?"

Novatus akajikuna kisogo.

"Aisee," akasema. "Hapo umenishika."

"Si ungekuwa umeuona?" Kemilembe akaendelea. "Wewe ukiuziwa muvi ya wizi ambayo hakuna wizi, unadai chenji yako. Leo umeuziwa mauaji ambayo hakuna aliyeua, ukapiga makofi. Mwanamke ametimuliwa na kijiji kizima kwa sababu mtu mmoja mwenye koti zuri amesema!"

"Na kanzu yake!" mama mmoja akadakia kutoka nyuma. "Lakini kweli, mimi nilitaka nione ile sumu. Nilikaza macho, sikuiona."

"Mama nawe, ulikuwa unasinzia!"

"Nani alisinzia? Wewe ndiye ulikuwa unakula karanga kwa kelele hatusikii kitu!"

Mzee Rugemalira akaona banda linamponyoka. Ndipo akafanya kosa. Msomaji, kama kuna siku ulimwona mtu anachimba shimo huku anaimba, ndiyo siku hiyo.

"Rudisha!" akafoka. "Xaveri, rudisha ile sini ya kibuyu. Waione vizuri. Halafu huyu binti ashuke, na yaishe."

Xaveri akainamia kompyuta. Picha zikakimbia kinyumenyume kwenye shuka jeupe, watu wakarudi nyuma wakitembea, marehemu akanyanyuka kutoka chini akakaa kitini. Kisha sini ikaanza.

Ilichezwa na Edith, yule anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Walutheri. Ndiye mjane. Anamimina rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Anapiga magoti mbele ya mumewe. Anampa kwa mikono miwili. Jasson, ndani ya koti la baba yake mdogo marehemu, anakunywa, anashika tumbo, anaanguka.

"Mmeona!" akasema Rugemalira.

"Hatujaona," akasema Kemilembe. "Rudisha tena."

Wakarudishiwa tena. Anamimina, anapiga magoti, anampa. Anakunywa, anaanguka. Novatus alikuwa amesogea mpaka puani mwa shuka, anatafuta sumu kama mtu anayetafuta sindano. Hakuna. Na Kemilembe naye alikuwa anatafuta hiyohiyo sumu, kwa hiyo akapitwa na jambo lililokuwa mbele ya macho yake. Alikuwa ameshaitazama sini ile mara tatu. Wote walikuwa wameitazama. Hakuna aliyeliona, kwa sababu ni jambo la kawaida mno, sawa na mtu kufuta miguu kabla hajaingia ndani.

"Mara ya mwisho," Xaveri akasema. "Mashine inachemka."

Edith akamimina. Edith akapiga magoti.

"Simamisha!"

Kemilembe alipiga kelele mpaka kreti likayumba chini ya miguu yake. Xaveri akabonyeza. Picha ikaganda.

"Tazameni hapo. Edith anafanya nini?"

Pale kwenye shuka, akiwa mkubwa kuliko mlango, Edith alikuwa amepiga magoti, macho chini, kibuyu mdomoni.

Anaonja.

Sasa kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Huku Karagwe na Kyerwa, mtu akikukaribisha rubisi huonja yeye kwanza, mbele yako, ndipo akukabidhi. Mtoto anajifunza hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Ukipewa kibuyu ambacho hakikuonjwa, unakiweka chini na kuaga.

"Mawe, mama yangu!" akapiga yowe yule mama wa nyuma. "Ameonja! Mwanamke ameonja!"

"Ameonja na hakufa!" Novatus akaruka juu ya benchi. "Jamani, mbona yeye hakufa? Mpaka mwisho wa muvi yuko hai, anafukuzwa huku anakimbia! Mzee, steringi wetu ametudanganya! Nakata nne nyingine, nimekupa tatu!"

Banda zima likasimama. Kulikuwa na kicheko, kulikuwa na hasira, kulikuwa na watu wanaogeukiana na kuulizana wewe uliona, mimi sikuona, wewe uliona. Kemilembe alisimama juu ya kreti lake, haogopi tena.

Rugemalira akamgeukia Edith aliyekuwa benchi la tatu. Mishipa imemtoka shingoni.

"Nani alikwambia uonje? Nilikwambia umpe anywe! Sikukwambia uonje!"

Edith akasimama. Mwanamke mpole huyo, hata kwaya ikikosea noti ni yeye anayeomba msamaha. Lakini alipoulizwa hivyo alimshangaa mzee kama anayeulizwa kwa nini anapumua.

"Waitu, baba," akasema kwa adabu, "kwani mimi nina wazimu? Nimpe mtu rubisi bila kuonja? Mama yangu angeniona angesemaje?"

Kicheko kilichofuata, msomaji, kilisikika mpaka kwenye mashamba ya kahawa.

"Hii ni muvi!" Rugemalira akapiga kelele juu ya kicheko. "Ni mchezo! Watu wazima mnagombana kwa sababu ya mchezo?"

"Asante, baba," Kemilembe akasema, na watu wakanyamaza wamsikie. "Umesema mwenyewe ni mchezo. Basi Jumanne usiende nao kwenye kikao cha ukoo. Mama Jenifa amenifundisha kushona tangu nikiwa siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Nimekula kwake, nimelala kwake. Wiki hii yote, tangu muvi yako ianze kutangazwa, akipita njiani watu wanamwita kwa jina la mjane wa humo. Jana mtu amemtupia mgomba mkavu mlangoni, kama kumwambia ahame. Hajaja hapa leo kwa sababu anaona aibu, na hajafanya kosa lolote. Mimi siombi radhi. Jumamosi njooni, msije, ni shauri lenu. Yule mama hatoki kwenye nyumba yake kwa ajili ya mchezo."

"Umemaliza?" akauliza Rugemalira kwa sauti ya chini.

Alikuwa amemaliza, ukweli ni huo. Alishainua mguu mmoja ashuke. Lakini macho yake yakarudi kwenye ile picha iliyoganda, na kile kibuyu. Mtu anayependa muvi ana ugonjwa wake, hawezi kuacha kujiuliza mambo ya muvi hata nyumba ikiungua. Akajiuliza, hiki kibuyu kimetoka wapi?

Akarudisha mguu.

"Bado moja, baba. Siku aliyokufa Baba Akankwasa, Mama Jenifa hakuwa nyumbani. Alikuwa Murongo, sokoni, tangu alfajiri. Nilikuwa naye, tulikwenda kununua vitambaa. Tulipasha kiporo tukakiacha kwenye sufuria. Na msibani tuliambiwa nini? Wewe mwenyewe ulisimama pale ukatuambia kilichomuua ni kile kiporo. Si kweli, jamani?"

"Kweli!" wakajibu wengi. "Tulisikia hivyo. Kiporo."

"Mwaka mzima tumesikia kiporo. Hakuna mtu hata mmoja aliyetaja rubisi. Mama Jenifa hajawahi kutaja kibuyu. Walioosha maiti hawakutaja kibuyu." Kemilembe akanyoosha kidole kwenye shuka. "Hiki kibuyu kwenye muvi yako, baba, ulikitoa wapi?"

Novatus alishuka polepole kutoka juu ya benchi. Xaveri aliondoa mkono kwenye kompyuta.

Rugemalira akafuta uso kwa leso. "Nimekibuni," akasema. "Mtunzi anabuni. Wewe unajua nini kuhusu utunzi?"

"Hakukibuni."

Sauti ilitoka ukutani, karibu na mlango. Kemilembe aliitambua kabla hajageuka.

Jasson alikuja katikati ya mabenchi, watu wakimpisha. Alisimama mbele ya kreti, akamnyooshea Kemilembe mkono ashuke, Kemilembe akashuka. Akapanda yeye.

"Jasson," baba yake akasema. "Nenda nyumbani."

"Kibuyu kilikuwepo," akasema Jasson. "Baba mdogo hakula kile kiporo. Nilimkuta amekaa nje, anachambua kahawa, akaniambia anasubiri mkewe arudi wale pamoja. Nilikuwa nimempelekea rubisi kutoka kwetu. Mimi ndiye niliyebeba. Hakudai nionje, maana kilitoka kwa kakaye; alikunywa mbele yangu, tukacheka, nikaondoka. Jioni nikasikia amekufa."

"Nenda nyumbani, nimesema!"

"Nikamuuliza baba, akaniambia ni kiporo, na kwamba nisitaje rubisi, watu watatupaka matope bure. Nikanyamaza. Mimi mjinga, nikanyamaza! Akaniletea muvi, akanivalisha koti la baba mdogo, akanipa kibuyu ninywe. Usiku silali, jamani. Nikamwona Edith anaonja. Siku ile ya kupiga picha nilimwona, mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo mbele yake. Ndipo nikakumbuka." Akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza. "Siku ile uliponikabidhi kibuyu, baba, hukuonja. Nikakwambia hujaonja. Ukacheka. Ukasema ndugu kwa ndugu hawaonjeani, peleka."

Kemilembe alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Alitaka kumkumbatia mchumba wake na alitaka kumzaba kibao, vyote kwa wakati mmoja. Mwaka mzima! Mama Jenifa analia mwaka mzima, na yeye anajua! Lakini alimwona amesimama peke yake pale juu, akasogea akamshika mkono mbele ya watu wote, na hakuuachia.

Watu walisubiri mzee akane. Walisubiri apige kelele, au akimbie. Mzee Rugemalira hakufanya hata moja. Alikunja leso yake vizuri mara mbili, akairudisha mfukoni. Kisha akatabasamu.

"Mmemsikia wenyewe," akasema. "Mimi sikuongeza neno. Kibuyu kilibebwa na nani? Na yeye. Alikuwepo nani marehemu akinywa? Yeye peke yake. Nani ameficha mwaka mzima? Yeye. Mimi kukikabidhi, nani aliniona?"

Akatoa simu. Akabonyeza, akaiweka sikioni, macho hayatoki kwa mwanawe.

"Afande, habari za Jumapili. Rugemalira hapa, Kaisho, kwenye banda la video. Njoo na pingu. Aliyemuua mdogo wangu nimempata, amekiri mbele ya watu themanini." Akasikiliza. "Ndiyo. Ni mwanangu."

Mzee akakata simu, akavaa kofia, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, na watu, kwa mazoea yao ya kumheshimu, wakaanza kumpisha.

Kemilembe akamwachia Jasson. Akapita katikati ya mabenchi mbio, akamtangulia mzee, akasukuma mlango wa mabati ukafungika, akapiga komeo na kusimama mbele yake, mgongo kwenye bati.

"Umefanya vizuri kumwita afande, baba," akasema. "Kaa. Tunamsubiri pamoja."